Ghala Limejaa na Mtoto Amedumaa: Waadhi juu ya Ilimu na Amana ya Ardhi

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye aliyempa mwanaadamu masikio na macho na moyo wa kufahamu, akamweka juu ya ardhi awe mwangalizi wake wala asiwe mharibifu wake. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila awafuataye kwa wema mpaka siku ya malipo.

Amma baad. Yajulikana na kila Muislamu ya kwamba neno la kwanza aliloshushiwa Mtume (s.a.w.) katika pango la Hira lilikuwa ni amri ya kusoma. Halikuwa amri ya kufunga, wala ya kuhiji, wala ya kupigana. Mambo hayo yalikuja baadaye, kila jambo kwa wakati wake. Mwenye akili hujiuliza: kwa nini kusoma kukatangulizwa? Jawabu ni kwamba asiyejua hawezi kuabudu sawasawa, wala hawezi kukitunza alichopewa. Ibada pasipo ilimu hupotoka, mali pasipo ilimu huangamia, na mtoto wa mzazi asiyejua hudhurika hali ya kuwa mzazi wake anampenda.

Na jambo hili litadhihirika kwa mfano wa nchi moja ya Bara, nayo ni Ufipa, ambayo mji wake mkuu ni Sumbawanga. Watu wa Pwani walio wengi huijua nchi hiyo kwa mambo mawili tu: kwa mahindi yake, ambayo huyala kwa jina la sembe, na kwa mzaha wa uchawi, ambao hupendeza barazani baada ya kahawa. Walakin jina lenyewe la Sumbawanga, kama wasemavyo wenyeji, maana yake ni "tupa uchawi". Mji ulioitwa kwa amri ya kuutupa uchawi umegeuzwa na ndimi za watu kuwa ndio nyumba ya uchawi! Basi na izingatiwe: ujinga haumdhuru mjinga peke yake, bali humdhuru na yule anayesemwa naye.

Ufipa ni nchi iliyoinuka baina ya maziwa mawili: Tanganyika upande wa magharibi, na Rukwa upande wa mashariki. Sumbawanga uko yapata mita 1,800 juu ya bahari, na baridi yake ya Juni na Julai humfanya mtu wa Lamu au Kilwa atafute blanketi la pili. Miti ni michache na majani ni mengi. Juu ya mji uko msitu wa Mbizi, ambao ni chanzo cha maji, na ndani yake wamo mbega wekundu ambao wamebaki wachache duniani. Ama Ziwa Rukwa, hilo halina mto utokao ndani yake. Maji huingia wala hayatoki, illa kwa kukaushwa na jua. Kila udongo unaoporomoshwa na mvua kutoka mlimani hukaa humo usirudi tena shambani. Na hali ya mwanaadamu ni kama hivyo: akipotezacho leo kwa kutojua, hukikuta mbele ya Mola wake kimehifadhiwa, wala hapati nafasi ya kukirudisha.

Sasa na yaangaliwe mambo manne ya nchi hiyo, kwani kila moja lina funzo lake.

La kwanza ni ilimu ya tuta. Wafipa tangu zamani walikuwa na ukulima wao wautao ntumba. Ardhi inapokuwa laini kwa mvua, mkulima huyapindua majani pamoja na udongo wake kwa jembe, akayafunika chini, akafanya tuta la mviringo. Majani huoza ndani ya tuta na kuwa mbolea, na juu yake huweza kupandwa maharagwe na mfano wake. Msimu ufuatao tuta hubomolewa, udongo ulionona ukatandazwa, na hapo hupandwa ulezi. Hapana mbolea iliyonunuliwa, wala msitu uliochomwa moto. Nchi isiyokuwa na miti ikalisha watu wake karne baada ya karne kwa majani yale yale ambayo mpita njia huyadharau. Ni nani aliyewafunza? Hawakuwa na skuli wala kitabu. Lakini walitazama, wakajaribu, wakakumbuka, wakawafunza watoto wao. Na hiyo ndiyo ilimu. Haya ambayo wakuu wa mataifa leo huyaita maendeleo yadumuyo, yaani mtu kula leo pasina kumnyima chakula atakayezaliwa kesho, mkulima wa Ufipa aliyatenda kwa jembe kabla hayajapewa jina.

La pili ni ilimu ya chuma. Wafipa walikuwa mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma. Walijenga tanuu ndefu za udongo, zishindazo kimo cha mtu, zikivuta upepo zenyewe kwa matundu ya chini, na ndani yake mawe yakageuka majembe na mikuki. Kazi hiyo ilikuwa na wakubwa wake, na siri zake, na miko yake, wala hakufunzwa kila mtu. Zilipokuja zama za ukoloni na majembe ya viwanda vya Ulaya, tanuu zikazimika, na ilimu ikaenda kaburini pamoja na wenyewe. Leo magofu ya tanuu hizo yamesimama nyikani kama minara isiyo na muadhini. Ilimu ifichwayo hufa na mwenyewe, na ilimu ifunzwayo ni katika yale matatu ambayo Mtume (s.a.w.) amekhabirisha ya kuwa thawabu zake hazikatiki mtu afapo, pamoja na sadaka iendeleayo na mtoto mwema amwombeaye mzazi wake.

La tatu ni khabari ya mahindi. Katika miaka ya 1970 serikali iliwahimiza wakulima wa nyanda za juu za kusini walime mahindi kwa wingi. Mbolea ya kiwandani ikatolewa kwa bei nafuu, na mahindi yakanunuliwa kwa bei moja nchi nzima, hata yatokayo mbali kabisa na Dar es Salaam. Mkoa wa Rukwa, uliokuwa ukihesabiwa kuwa pembeni mwa nchi, ukawa mmoja wa mikoa minne mikubwa ya chakula pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Hiyo ilikuwa neema, wala haifai kukanushwa. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 msaada ule ulipoondolewa, bei ya mbolea ilipanda, na mkulima aliyekwisha kuliacha tuta la babu yake akajikuta hana hili wala lile. Serikali imerudisha ruzuku ya mbolea baadaye, na tena mwaka 2022. Walakin funzo limebaki pale pale. Mwenye kupokea kipya na asiache ilimu ya zamani iliyo sahihi, wala mwenye ya zamani asikatae kipya kwa ushupavu. Achanganye, apime, na akiri kwamba hikima ni mali ya Muumini iliyompotea, popote aionapo huiokota.

La nne ndilo zito kuliko yote. Nchi hii yenye kulisha miji ya watu imekuwa ni katika nchi zenye watoto waliodumaa kuliko mahali pengi katika Tanzania. Uchunguzi wa serikali wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa katika mkoa wa Rukwa, kwa kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, yapata 56 wamedumaa, yaani kimo chao hakikufikia umri wao. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulikuta yapata 50, hali ya kuwa kwa nchi nzima ni yapata 30. Nusu ya watoto, na ghala limejaa!

Mtu wa Pwani asikiapo haya husema: bila shaka wanauza chakula chote. Wako wafanyao hivyo, na hilo ni kosa. Lakini sababu kubwa si kukosa chakula, bali ni kukosa kujua na kukosa nafasi. Mtoto hupewa uji wa mahindi matupu, asubuhi na jioni, naye hushiba; tumbo limejaa na mwili una njaa. Mahindi yamekobolewa hata yakawa meupe kama chokaa, na kheri yake imebaki katika pumba walizopewa kuku. Maharagwe yako gunia zima, yanangoja mnunuzi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hupita mbele ya nyumba wakienda mjini. Mama yuko shambani tangu alfajiri, tena pengine ni mwenye mimba, na mtoto ameachiwa dada yake wa miaka saba. Maji si safi, mtoto huharisha, na kile kidogo alichokula hakikai. Na mwenye kudumaa katika siku 1,000 za mwanzo, tangu kutungwa mimba hata kutimiza miaka miwili, ni shida kuurudisha mwili wake, na akili yake nayo hupungukiwa na uwezo wa kujifunza. Ataketi skulini, na mwalimu atasema: huyu ni mzito. Uzito huo haukuanzia skulini, ulianzia katika bakuli la uji.

Ewe ndugu Muislamu, usisome maneno haya ukasema, hayo ni ya Bara. Itazame nyumba yako. Mtoto wa Pwani anyweshwaye chai ya rangi na mkate wa mofa, au muhogo mkavu, hali samaki wameuzwa wote gatini, khatari yake ni ile ile. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi wamesema wazi kwamba nafaka ya mtoto mdogo asiye na mali ni wajibu juu ya baba yake, nayo ni kwa kadiri ya kumtosheleza. Na sasa ambapo matabibu wamebainisha ya kwamba uji mtupu haumtoshelezi, atasema nini baba mbele ya Mola wake? Je, atasema, "Nilimshibisha"? Wajibu ni kumtosheleza, na kumjaza tumbo ni jambo jingine. Na kwa kuwa Mwenyezi Mungu amewatajia mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na akamlazimisha baba kumlisha na kumvisha huyo mama kwa wema, ni dhahiri kwamba chakula cha mama ni katika chakula cha mtoto. Mwanamume alaye kitoweo na kumwachia mkewe mwenye mimba mchuzi, amekula haki ya watu wawili.

Hapa ndipo baadhi ya watu husema: Ilimu iliyofaradhishwa ni ilimu ya dini tu, haya ya udongo na lishe ni ya dunia, yaachwe kwa wenyewe. Maneno haya si ya wanazuoni. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, ameihesabu tiba na hesabu na ukulima kuwa katika faradhi za kutoshelezana, yaani ambazo wakizisimamia wengine huwavua waliobaki, na wasipozisimamia hupata dhambi wote wenye uwezo. Tena aliwalaumu watu wa zama zake, kwamba katika miji mingi haonekani tabibu illa asiyekuwa Muislamu, na huku wanafunzi wamesongamana katika fikihi kwa kutaka ukadhi na vyeo. Na Imamu Nawawi katika Minhaj, kitabu ambacho hakuna chuo cha Pwani kisichokijua, ameingiza katika faradhi hizo kuwaondolea watu madhara, kama kumvisha aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa zaka na baitulmali hazikutosha. Na akaingiza kazi za mikono na viwanda. Basi jambo la lishe limo katika kitabu kile kile anachokisoma mwanafunzi baada ya Alasiri. Lililokosekana ni wa kulifungua.

Wengine husema: Riziki iko kwa Mungu. Ni kweli, iko kwake, wala haiko kwa mwengine. Lakini Mtume (s.a.w.) alimwamrisha yule mwenye ngamia amfunge kwanza ndipo ategemee. Mfipa afunikaye majani chini ya udongo akangoja msimu ujao amefunga ngamia wake na ametegemea. Ama alalaye akasema Mungu atatoa, huyo hakutegemea, amejitegemeza kwa jirani.

Na wako wasemao: Mtu mzima hafundishiki. Jawabu yao imo katika historia ya nchi yenyewe. Mwaka 1967 watu wazima wa Tanzania Bara waliojua kusoma na kuandika walikuwa yapata thuluthi moja. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Babu akaketi na mjukuu wake chini ya mwembe, kila mmoja na ubao wake. Mwaka 1973 watu wakakusanyika vijijini kusikiliza redio katika mafunzo yaliyoitwa Mtu ni Afya, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaondoka wakachimba vyoo. Mwaka 1975 yakafuata mafunzo ya Chakula ni Uhai. Kabla ya kwisha miaka ishirini tangu 1967, wasiojua kusoma wakawa ndio wachache. Basi mtu mzima hufundishika akiheshimiwa na akiona faida ya anachofunzwa. Na mafunzo yaliyoachwa hufifia kama andiko la mkaa. Yatakikana yaandikwe tena kwa kila kizazi.

Kadhalika haifai kuificha khabari nyengine, ingawa ni chungu. Watu wa Pwani walifika pande za Ufipa katika karne ya kumi na tisa, wakatia nanga ya biashara Kirando, kando ya Ziwa Tanganyika. Walichokitafuta wengi wao kilikuwa pembe na watumwa. Mwaka 1885 Mapadri Weupe wakaikamata Karema, katika ufuo wa ziwa lile lile, wakaleta skuli na dawa na vitabu. Leo Wafipa walio wengi ni Wakatoliki, na Waislamu wa Sumbawanga ni wachache. Mwenye kutafuta lawama asiitafute mbali. Mwenye kuja na minyororo hukumbukwa kwa minyororo, na mwenye kuja na kalamu hukumbukwa kwa kalamu. Ndiyo sababu wanazuoni kama Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyetoa gazeti la al-Islah mwaka 1932, waliwapigia Waislamu kelele wasiikimbie ilimu ya zama zao, bali waichukue pamoja na dini yao.

Na mbele ya haya, Mfipa ni nani kwa mtu wa Pwani? Kurani imefunza ya kwamba watu waliumbwa kwa mume mmoja na mke mmoja, kisha wakafanywa mataifa na makabila ili wapate kujuana. Haikusema ili wachekane. Tena Mwenyezi Mungu hakukataza kuwafanyia wema na uadilifu wasiokuwa Waislamu ambao hawakupigana nao kwa ajili ya dini. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliweka malengo 17 ya kufikiwa ifikapo mwaka 2030, na la nne katika hayo ni elimu. Na katika elimu hiyo wakataja ya kwamba kila mwanafunzi afunzwe kuitunza dunia na kujihesabu kuwa ni mwananchi wa dunia nzima. Muislamu asikiapo hayo asiyaone mageni. Kila mwaka watu wa rangi zote husimama Arafa kwa vazi moja. Aliyesimama pale, kisha akarudi nyumbani akamwita mwenziwe mshenzi kwa kuwa ametoka Bara, Hija yake haijamfunza.

Kwa hivyo yampasa kila mwenye uwezo kushika mambo haya. Mwenye chuo asiwafunze watoto herufi peke yake, bali awafunze na usafi wa maji, na kupanda mti, na kutotupa chakula, kwani Mtume (s.a.w.) amekhabirisha ya kwamba apandaye mti ukaliwa na ndege au mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Mwenye mtoto wa kike asimkatize skuli kwa kumwoza mapema. Msichana azaapo kabla mwili wake haujakoma kukua, huzaa mtoto mdogo na dhaifu, na kudumaa kukarithiwa kama deni. Mwenye shamba atoe ushuri wake timamu, sehemu moja kwa kumi ya nafaka iliyonyeshewa na mvua, na kabla ya kuuza chochote aweke akiba ya nyumba yake. Mwenye kununua mahindi ya Rukwa amlipe mkulima bei ya haki, asimzunguke mwezi wa mavuno kwa kuwa amemwona ana shida ya karo. Mwenye kupika uji wa mtoto atie ndani yake maharagwe, au karanga, au dagaa, na kando yake mboga na yai lipatikanapo. Na mwenye kujua jambo moja katika haya amwambie asiyejua, kwa upole, pasina kumdharau.

Hayo si mambo ya fedha nyingi. Maharagwe tayari yamo ghalani, na dagaa wamo sokoni; kinachokosekana ni mlango baina ya ghala na bakuli, na ufunguo wa mlango huo ni ilimu. Siku ya Kiyama mtu ataulizwa juu ya ujana wake, na umri wake, na mali yake aliipataje na aliitumiaje, na ilimu yake aliifanyia nini. Mtoto aliyedumaa naye atakuja, na kimo chake kitakuwa ni ushahidi.

Ewe Mola, wape waja wako ilimu yenye kunufaisha, na uwakinge na ilimu isiyonufaisha. Ibariki ardhi ya Ufipa na ardhi ya Pwani, na mvua zake na chemchemi zake. Wakuze watoto wa waja wako miili yao na akili zao, na uwajaalie wazazi wao kuwa ni waangalizi waaminifu wa amana yako. Umrehemu Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote. Amin.